Lukyan Upande wa Wafu

Alhamisi, 3 Novemba

Umeme umekatika asubuhi, umerudi watoto wameshakwenda kwao. Uji wa shule nimeupika kwa kuni, uani, kwenye theluji ya kwanza. Mpishi mwenzangu anasema tumerudi enzi za bibi zetu, imebaki kuchota maji mtoni tu. Tumecheka. Watoto wameupenda uji – una harufu ya moshi.

Nimempigia mwanangu Lukyan kabla ya sala, kama kila siku. Yule mwanamke wa kwenye simu amenijibu kwamba namba haipatikani. Tangu Septemba ananijibu yeye. Sauti yake naijua kuliko ya wifi yangu.

Jeshini nao wana neno lao moja: hajulikani alipo. Walikuwa wanne ndani ya nyumba ng'ambo ya mto. Nyumba ikapigwa. Wamepatikana watatu, na mwanangu si miongoni mwao. Si mzima, si maiti, si mateka. Hata shati chafu lina kapu lake. Mwanangu hana pa kuwekwa.

Jioni kaja Bibi Melania, jirani, kuomba hamira. Hamira ilikuwa kisingizio. Alikaa, akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza. Mumewe alipochukuliwa na serikali enzi zile na asirudi, mama mkwe wake alikwenda kanisani Jumamosi ya Wafu, akalitoa jina lake lisomwe pamoja na marehemu. Roho ya mtu mzima ikisikia inaitwa katikati ya wafu, anasema, hushtuka. Hushikwa na kiu ya nyumbani, haitulii mpaka ilete habari. Mwezi haukwisha, barua ikaja.

Nikamwambia, Bibi, hiyo ni dhambi.

"Dhambi ni kukaa hujui umwombee au umlilie," akasema. "Ila usimwambie mtu mpaka habari ije. Ukisema, inavunjika."

Akaondoka na hamira yangu yote.

Keshokutwa ndiyo Jumamosi ya Wafu. Ee Mama wa Mungu, nizuie nisifanye.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimefanya.

Jana nilioka mikate ya sadaka kama kawaida yangu, halafu mmoja zaidi. Mshumaa wa Lukyan siku zote nauweka kwa Mtakatifu Nikolai, upande wa walio hai. Leo nimempita mtakatifu bila kumtazama. Nimekwenda kushoto, kwenye meza ya wafu, nikauchomeka mshumaa mchangani, mkate nikauweka kando ya bakuli za ngano na asali za wengine. Jina nimelitoa kwa mtumishi wa kanisa. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Padri wetu, Baba Tymofiy, alipofika kwenye jina lile aliinua macho kutoka kwenye orodha. Yeye ndiye aliyembatiza. Akanitazama. Nikainamisha kichwa. Akaendelea – na Lukyan, askari – na kwaya ikaimba kumbukumbu ya milele. Nyuma yangu mtu akapiga magoti, kisha mwingine, kisha kanisa zima. Sakafu ya mbao ilinguruma.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwetu mama wa askari haulizwi. Anasogezewa kiti.

Nje, uani, alinijia kijana wa kutoka mji mkuu, Severyn. Mpole, kikoti chembamba mno kwa baridi hii. Kazi yake ni kuzunguka vijijini akikusanya habari za watu kama sisi. Rais anakwenda ng'ambo ya bahari kusimama mbele ya bunge la marafiki zetu, kuwaomba mitambo ya kudungua makombora. Hataki kupeleka hesabu tu, anataka kupeleka jina la mtu. Severyn amelisikia jina la mwanangu ndani. Je, naridhia?

Mimi nilifikiri hivi: likisemwa mbele ya dunia nzima, atapatikana hata mmoja wa kusema, huyu nilimwona. Nikamwambia mpelekeni. Mpelekeni mbali kabisa. Nikampa na picha, ile ya Lukyan na ovaroli ya kazini, bisibisi mfukoni.

Akanibusu mkono. Akasema, "Mama, tutamtendea haki."

Neno kufa hakulitamka. Wala mimi.

Jumatano, 9 Novemba

Shuleni baada ya kazi tunasuka nyavu za kuficha magari ya jeshi, ukumbi wa michezo, wanawake wote. Leo nimepewa nafasi ya karibu na jiko. Mazungumzo yalishuka nilipoingia. Mama mmoja ambaye hatujasalimiana tangu kisa cha bata wake amenimenyea chungwa.

Ningewaambia. Lakini nikisema, inavunjika.

Nikiwa nafunga fundo nimemsikia mtu nyuma yangu akiburuta mguu wa kulia. Lukyan anauburuta tangu ateleze kwenye shimo la lifti, mwaka ule wa kwanza wa kazi. Nimegeuka. Ni ufagio, nimeambiwa. Mtu alikuwa anafagia.

Hakuna aliyekuwa anafagia.

Alhamisi, 17 Novemba

Makombora asubuhi. Kituo cha umeme cha mji wa Vinnytsia kimepigwa tena. Ulyana, binti yangu, ni mkunga huko hospitalini. Ameandika maneno mawili tu: ni mzima.

Mchana nilishuka stoo ya chini kuchukua viazi. Alikuwa huko. Sikumwona – nilijua tu, kama unavyojua nyuma ya mlango kuna mtu. Akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, wala hakulaumu:

"Mama, mbona umeniweka huku kwenye baridi?"

Nimepanda bila viazi.  Bibi Melania anasema ndiyo dalili, roho imeshtuka, nisubiri. Nasubiri.

Ijumaa, 25 Novemba

Nitaandika yote. Nisipoandika sitalala, na nikiandika pia.

Mwalimu mkuu alitundika shuka ukutani ukumbini, akawasha jenereta na projekta tuione hotuba ya Rais. Kijiji kizima kimekuja, hata wazee wasiotoka. Mimi mstari wa mbele. Uzi wa wavu ulikuwa bado mkononi, nilitaka mikono iwe na kazi.

Rais wetu alitoka na zile nguo zake za kila siku, wenyeji wake wote wamefunga tai. Alionekana mdogo kwenye mimbari ile kubwa. Akashukuru kwanza, vizuri, bila kujipendekeza. Akasema hatuombi watoto wenu waje wafe kwetu, tunaomba paa. Mvua ya chuma inanyesha na nyumba yetu haina paa, mkononi mwenu kuna bati. Nilijikuta naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Anajua kuomba. Kuomba bila kupiga magoti ni kazi ngumu, namwona mchovu.

Kisha picha ikatokea nyuma yake. Ovaroli. Bisibisi.

"Lukyan alikuwa fundi wa lifti," akasema. "Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wengine. Alishikilia mto ule mpaka wenzake wakavuka, akatoa uhai wake. Sisi aliotuacha chini tunawaomba: msitufungie mlango."

Bunge lote likasimama. Watu wazima, wenye mvi, wanafuta macho. Makofi hayaishi. Na ukumbini kwetu nao wakasimama, lakini hawakutazama shuka. Walinigeukia mimi.

Nilitaka kusema hapana. Kinywa kilijaa, kama nimetafuna ngano mbichi.

Lukyan wangu hakuwahi kusema habari za kuwapandisha wengine. Alisema lifti zinanuka mikojo na wakazi wanakutukana kabla hujafungua sanduku la vifaa. Na Mungu anisamehe – hotuba ilikuwa nzuri. Nilimlilia yule Lukyan wa ukutani. Nilimlilia sana, kama unavyomlilia mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo Severyn alielewa hivyo. Na angeelewaje vingine? Alimsikia upande wa wafu. Mimi ndiye niliyempeleka huko kwa miguu yangu, na mkate mkononi.

Jumamosi, 26 Novemba

Wamekuja tangu alfajiri. Maandazi, samaki wa kukausha, kitambaa cheusi kipya cha kichwa ndani ya mfuko. Nimepokea kila kitu, nikasema ahsante. Ningesema nini? Bibi Melania alichungulia dirishani, hakuingia.

Mchana nikaenda kwa Baba Tymofiy kuungama. Nimemwambia yote. Alikaa anasugua magoti.

"Umefanya uganga," akasema, "ukatumia mdomo wangu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Nikamuuliza kama nimemuua. Hapo akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama alivyonishika siku ya mazishi ya mume wangu. "Yustyna, Mungu si karani wa wilaya. Hamchukui mtu kwa sababu jina limesomwa pasipo pake. Watu ndio makarani."

Amenipa kitubio: kusujudu kila jioni hadi Krismasi. Alitaka kesho atangaze kanisani kwamba lilikuwa kosa. Nikamwomba asubiri, kwanza niongee na wale wa mji mkuu. Wao ndio walioyapeleka mbali.

Nimesujudu. Nilipoinuka, viatu vya Lukyan vilikuwa mlangoni. Ni viatu vyangu vya bustani, najua. Lakini vilikuwa vimekaa kama anavyoviacha yeye, kimoja kimelala ubavu.

Jumanne, 29 Novemba

Nimempata Severyn kwa simu. Nilimweleza kila kitu. 

Kisha akasema ni yeye aliyekosa, alipaswa kuuliza. Alisikia jina kanisani, akaona watu wamepiga magoti, akaona aibu kumuuliza mama. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. Halafu ikawa ya mtu wa ofisini. Kura ya bunge lile ni wiki ijayo. Pande zinakaribiana mno. Televisheni ya adui inatafuta uongo mmoja tu, mmoja, ili iseme mnaona, hata wafu wao ni wa kuigiza. Ananiomba nikae kimya mpaka kura. Baada ya hapo yeye mwenyewe atasahihisha. Ameapa.

Nikapiga na kule wanakoshughulikia mateka. Mama mmoja, sauti ya kuvuta sigara, mwema. Kwao Lukyan bado ni asiyejulikana alipo, hilo halijabadilika. Nikashusha pumzi. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Lakini wenzetu wa upande wa adui nao wanasoma magazeti, mama," akasema. "Kama wanaye, na sisi tumeshamlilia hadharani, wana haja gani ya kumrudisha? Aliyezikwa hadaiwi."

Aliyezikwa hadaiwi. Nimekaa na neno hilo toka saa nane. Nimemenya vitunguu vya wiki nzima.

Alhamisi, 1 Desemba

Ulyana amekuja na basi, likizo ya siku moja. Amekonda. Amekula supu ya borshchi ya maharage bakuli mbili akiwa na koti lake. Mfungo umeanza, nyama hakuna, hakulalamika.

Nilimwambia. Sikuweza kumficha, yeye anamlilia kaka yake na mimi namtazama tu?

Alitupa kitambaa cha vyombo. Akasema maneno ambayo sitayaandika. Kwamba nimemwombea kaka yake sala za maiti kwa ushauri wa bibi anayeponya chunjua kwa uzi. Kwamba yeye amevaa nyeusi wiki nzima. Kisha akanikumbatia, akacheka na kulia – yupo basi, Mama, labda yupo. Labda, nikasema.

Nikamwambia nataka nitangaze. Hapo akakauka.

Juzi wamezalisha kwa tochi za simu. Dirisha la wodi limezibwa kwa magodoro. Mashine ya watoto njiti ilizimika, wauguzi wakawapasha vichanga joto vifuani mwao, zamu kwa zamu, kichanga mmoja hakupona. "Nyamaza mpaka wapige kura," akasema. "Lukyan mwenyewe angekuambia hivyo."

"Muulize," nikasema.

"Mama!"

Nilisema bila kufikiri. Alikuwa amesimama kando ya jiko, nyuma yake.

Ulyana amelala kitandani kwangu, amenishika mkono kama alipokuwa mdogo. Kabla hajalala ameniomba, tafadhali, nimwone daktari.

Jumatatu, 5 Desemba

Mwalimu mkuu amenipa bahasha nene. Watoto wa nchi ile waliisikia hotuba, wakachora darasani, walimu wao wakatuma kwa kompyuta, yeye amenichapishia.

Lukyan ana mabawa. Lukyan kwenye lifti, lifti inapanda mawinguni. Lukyan na mbwa – hatujawahi kuwa na mbwa. Lukyan mwenye nywele za njano kama jua, na yeye ni mweusi wa nywele kama baba yake. Mmoja amechora kaburi na maua makubwa kuliko msalaba, chini ameandika kwa herufi zetu, amenakili moja moja, asante.

Watoto hawana kosa. Nimewaombea wote. Lakini picha sikuweza kuzitundika, wala kuzitupa, wala kuzitia jikoni. Ziko chini ya godoro. Nalala juu ya Lukyan arobaini, wote wana mabawa.

Ijumaa, 9 Desemba

Imepita! Kengele zimepigwa. Mitambo inakuja.

Watu wananikumbatia barabarani kana kwamba mitambo nimeizaa mimi. Mzee mmoja amenivulia kofia kwenye theluji. Nimefurahi, sitadanganya. Nimefurahi kwa Ulyana, kwa vichanga vile. Nimepiga ishara ya msalaba mpaka mkono ukachoka.

Kisha nikampigia Severyn. Hakupokea. Ana shughuli leo, bila shaka.

Jumapili, 11 Desemba

Hakupokea.

Baba Tymofiy ameanza kumwombea tena pamoja na walio hai, ila kimoyomoyo, ndani ya madhabahu. Mimi tu najua. Ameniuliza kwa macho – lini? Nimetikisa kichwa. Ibada nzima nilikuwa sijui nisimame upande gani.

Jumatano, 14 Desemba

Amepokea. Afadhali asingepokea.

Kuna kura nyingine masika. Hii ya sasa ilikuwa ya mitambo michache, ya masika ndiyo kubwa. Wakubwa wake wamesema jambo la Lukyan lisiguswe mpaka hapo. Halafu, wageni. Wawakilishi wa bunge lile wanakuja, na mmoja ameomba kuja kijijini, kumsalimu mama. Siku ya Mtakatifu Nikolai, Jumatatu. Nisiwe na wasiwasi, nitakaa tu, mkalimani atasema.

Nikamuuliza: mwanangu, ungekuwa wewe uko kwenye shimo lao, ungemwambia mama yako angoje masika?

Akasema mama yake yuko chini ya jengo, mji wa bandari, tangu Machi. Hajamzika. Hapajulikani ni kifusi kipi.

Tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake. Nikamwambia avae koti zito akija. Sikumwambia ndiyo. Wala hapana.

Jumamosi, 17 Desemba

King'ora kikubwa. Tulikuwa kanisani, tukashuka chini. Milipuko, lakini juu, mbali, kama mtu anagonga bati la mbinguni. Mtambo wa kwanza, inasemekana ulikuwa tayari mpakani ukisubiri kura tu. Makombora yote yamedunguliwa. Yote!

Ulyana ameandika: taa zinawaka, Mama. Mapacha wamezaliwa, taa zinawaka.

Nikasema ahsante. Nilitaka kumwambia Mungu. Mdomo ukasema, ahsante, Lukyan.

Nimeupiga mdomo wangu kwa kiganja. Watu wameona. Wameelewa vibaya, wamenipisha nikae.

Jumatatu, 19 Desemba

Niko jikoni. Wageni wako sebuleni. Nimesema naleta chumvi. Chumvi iko mezani, wataiona.

Tangu alfajiri nimepika: borshchi ya maharage, varenyky, sambusa zetu za kuchemsha, za viazi, kabichi. Ulyana hakupata ruhusa. Jirani wametaka kuja kusaidia, nimewakataa. Baba Tymofiy alipita kunibariki, akaniuliza nitasema nini. Nikamwambia sijui, Baba, naogopa. Akasema hata yeye.

Magari mawili. Severyn amevaa koti zito, amenitazama kama mtu anayeomba kitu na anayeona aibu kukiomba. Mkalimani ni msichana, Solomiya, mwembamba, daftari kifuani. Na mgeni mwenyewe, mzee mrefu, hana walinzi wa maana, shada la maua mikononi kubwa kama gurudumu.

Nilikuwa nimetoka kwenye ngazi. Hakunipa mkono. Alipiga magoti kwenye theluji, pale getini, kama tunavyopiga sisi mwili wa askari ukirudishwa. Mtu amemfundisha. Magoti yake yalilia, nilisikia. Jirani waliokuwa kwenye ua nao wakashuka.

Nikamwinua. Akaingia, akavua viatu bila kuambiwa. Soksi zake zimetiwa kiraka kidoleni. Hapo nikaanza kumpenda, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Hakukaa. Alizungumza taratibu, Solomiya akimfuata. Kwamba alikuwa ameamua kupiga kura ya hapana. Watu wa kwao wanasema vita hivi si vyao. Lakini alisikia habari za Lukyan, usiku ule hakulala. Yeye pia alizika mwana, vita vingine, zamani. Anajua ilivyo kwenda mahali na kukuta jiwe lina jina ulilolichagua wewe. Hajaja kuzungumza siasa. Ana ombi moja tu.

"Anauliza," Solomiya akasema, "kama utampeleka kaburini. Anataka kuweka maua mwenyewe."

Kaburini.

Severyn alisogea haraka. Akaanza kueleza jambo kwa lugha yao, theluji, barabara, nadhani. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi, na macho yake ni ya mzazi, hayana ujanja hata kidogo. Nikaona: huyu ataondoka hapa akaweke maua popote atakapoonyeshwa. Wakitafuta kilima chochote na msalaba, ataweka. Atapiga picha. Na picha itafika mpaka kwa yule anayeshika funguo za shimo, kama kuna shimo, kama kuna funguo. Atasema, huyu hana anayemngoja.

Nikasema.

Sikupanga. Nilimshika mzee mkono wa koti, nikasema: "Hakuna kaburi, ndugu yangu. Mwanangu hajafa. Hajulikani alipo. Mimi ndiye niliyemtaja na wafu, si Rais, si kijana huyu, mimi, kwa ujinga wangu na hamu yangu. Mitambo yenu imeokoa watoto, Mungu awalipe. Lakini mwanangu msimzike. Nisaidieni nimdai. Msaidieni arudi."

 

Solomiya amefunga daftari. Amekuwa mweupe kama unga. Alimtazama Severyn, Severyn akafumba macho. Mzee akamgeukia binti, akangoja, kichwa kimeinama kidogo, sikio mbele. Jina Lukyan alilisikia. Anajua kuna kitu kimesemwa.

Ndipo nikasema naleta chumvi. 

Mlango niliuacha wazi. Nawaona kutoka hapa. Maua ameyalaza juu ya kiti, si juu ya meza. Anamuuliza Solomiya tena, kwa upole, na lugha yake siijui lakini hilo swali nalijua: mama amesema nini?

Solomiya bado hajafungua mdomo. Severyn amemshika mkono, juu ya kiwiko. Kutoka hapa siwezi kujua kama anamzuia au anamtia nguvu.

Sasa mzee ameacha kumtazama binti. Anatazama huku jikoni. Natoka. Nitamwambia tena, polepole, kwa vidole ikibidi, mpaka aelewe.